Minara Sita ya Gadi

Mtaani kwetu Kikuyu, hapa Dodoma, mtu akisema jambo lisiloaminika huambiwa, "Hiyo India ya Zuzu." Watoto wanaolisema neno hilo siku hizi hawajui lilikotoka. Zuzu ni stesheni ya jirani tu, ukitoka Dodoma kuelekea magharibi. Treni haijachanganya mwendo, umeshafika. Maana yake ni kwamba palikuwa na mtu aliyejidai kafika India kumbe safari yake iliishia Zuzu. Mtu huyo ndiye Gadi. Na India alifika. Najua kwa sababu nilikwenda naye, kiti kwa kiti, kwenda na kurudi, na uongo uliomharibia jina haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Nilijaribu kuusema kwa mdomo nikachekwa. Ndiyo maana nauandika.

Jina lake sitalitaja. Hata mtaani waliolijua walikuwa wachache. Alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera mbili na filimbi, ambaye asipopunga yeye, dereva huko mbele haondoi. Kazi ilipomwacha, jina la Gadi halikumwacha.

Alitembea kama mtu anayekanyaga mataruma ya reli, hatua fupi zinazolingana, hata kwenye lami. Kutoka mlangoni kwake hadi kibarazani kwangu zilikuwa hatua arobaini na nane. Nikamhesabia tena siku nyingine: arobaini na nane. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Sokoni asiyehesabu mara mbili huhesabiwa yeye. Gadi alihesabu mara moja, akaandika, ikawa imekwisha. Alikuwa na vidaftari vya jalada gumu tangu enzi za kazi, na aliendelea kuvijaza hata alipokuwa hana treni ya kuandika. Mvua imeanza saa fulani, imekatika saa fulani. Mbuzi wa jirani kaingia uani, katoka. Chakula cha mchana alikula saa saba kamili. Ukimwandalia saa sita na nusu, alikaa na sahani mbele yake nusu saa nzima akikuuliza habari za watoto, mchuzi ukiganda.

Alikuwa na misemo miwili, na aliitumia kwa kila kitu. Wa kwanza: "Treni haijafika mpaka behewa la mwisho lifike." Huo aliusema kwenye misiba, kwenye harusi, na kila mara wapakuaji walipoanza kuosha masufuria kabla ya waliokaa nyuma kula. Wa pili: "Aliyeko mbele ndiye aliyeona." Huo ulinichukua muda kuuelewa. Gadi yuko nyuma kabisa. Jambo likitokea mbele, haoni. Dereva ndiye humpa taarifa, naye huiandika kama alivyopewa.

"Dereva akisema tumegonga punda, naandika punda," aliniambia. "Sishuki kwenda kubishana na punda."

Kwa tabia hiyo watu walimfanya mshenga wa mtaa mzima. Familia ikitaka kuposa, haikutafuta mtu mwenye maneno matamu. Ilimtafuta Gadi, kwa sababu neno lilitoka upande huu likafika upande ule bila kupungua wala kuongezeka. Waislamu walimtuma, Wakristo walimtuma, watumishi wa serikali waliohamia majuzi na hawajui hata choo cha jirani kiko wapi walimtuma. Nakumbuka mara moja aliporudi kutoka ukweni akamkuta aliyemtuma, fundi seremala, kaketi na ndugu zake wote wanangoja.

"Wamesemaje, mzee?"

"Wamesema binti yao si mbuzi wa mnadani," Gadi akaanza. "Wamesema mahari mliyotaja ni ya kumcheka mtu. Mjomba wa binti akakohoa, akanyamaza kidogo, kisha akasema wewe mwenyewe anakukumbuka ulivyokuwa unapita kwao kuomba chumvi."

Seremala akatazama chini. "Mzee, hayo ya chumvi ungeyaacha njiani."

"Mzigo nilioupokea ndio ninaoushusha."

Walioana. Ndoa zilizopita mikononi mwake nazijua kumi na moja, na sijasikia hata moja ambamo mtu alisema baadaye, "Hatukuambiwa."

Mtu wa namna hiyo ungedhani ni mgumu wa kuishi naye. Hapana. Hakuwa na haraka na mtu. Alijali dakika kuliko padri anavyojali misa, lakini ukimchelewesha hakununa, aliandika tu. Wala hakujua kununua. Hilo kwangu lilikuwa donda. Mimi nilikuwa na kibanda sokoni, upande mmoja vitambaa, upande wa pili mitumba. Siku moja Gadi akaja akashika shanta, lile begi kubwa la mgongoni wanalobeba wazungu vijana, limeshonewa bendera ya nchi sijui gani ya baridi. Nikamtajia bei ya kumfukuza. Bei ile niliitaja ili anitukane kidogo, nami nilie kidogo, tukutane katikati kama watu wazima. Akatoa hela akalipa.

"Mzee! Hupunguzi?"

"Si umesema?"

"Nimesema ili na wewe useme!"

"Sasa mimi niseme nini, na wewe ndiye unayelijua begi?"

Nilimwongezea mashati mawili na mkanda, na bado siku nzima nilijisikia kama niliyemwibia. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia kitu, ulikuwa umemwambia.

Shanta hilo alilinunua mwaka aliopunguzwa kazini. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa ruksa: kuleta, kuuza, kufungua duka sebuleni, na kumpa mtu barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Wengi walipunguzwa pamoja. Wapo waliolia, wapo waliofungua genge. Gadi alikwenda stesheni kesho yake saa ile ile ya treni, amevaa nguo za nyumbani, akasimama mwisho kabisa wa jukwaa ambako behewa la mwisho husimama. Treni ikaja, akahesabu mabehewa, ikaondoka, naye akarudi. Alifanya hivyo miezi. Sikuona huzuni usoni pake, wala furaha. Mimi mwenyewe mwaka huo sikuwa mtu wa kumsoma mwenzangu. Nilikuwa nimemzika mwanangu wa mwisho, wa miezi minane. Siku ya tatu ilipopita nikarudi kibandani nikapanga vitambaa. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Sikuwa na chochote.

Safari yenyewe ilianza kama biashara. Wanawake wa Dar walikuwa wanakwenda Bombay kuleta vitambaa vya suti na gauni, na wakati wa Bunge wake za watu walivinunua kwangu kama njugu. Nikasema nami niende kwenye chanzo. Mume wangu, fundi cherehani, mtu wa Kondoa kama mimi, hakutaka niende peke yangu, na yeye ndege alikuwa haipandi hata kwa fimbo. Tukataja ndugu huyu, tukataja yule. Mwishowe akasema mwenyewe:

"Nenda na Gadi. Ukienda na Gadi utafika. Utachelewa, lakini utafika."

Nikamfuata Gadi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti lake. "Nitakusindikiza kwenye vitambaa vyako. Wewe utanisindikiza kwenye Taj Mahal. Kwa treni."

"Kuna nini huko, mzee?"

"Jumba. Kaburi la mke wa mfalme."

"Makaburi hapa hayapo?"

Hakucheka. Alisema, "Miaka yote nimekaa behewa la mwisho. Kila nilichokiona kilikuwa kimeshapita. Nataka nipande treni kama abiria, nikae dirishani, nifike mahali nione kitu kinakuja."

Tukakubaliana. Katika maisha yangu nimefanya mapatano mengi, na hilo ndilo pekee ambalo mwenzangu hakuomba nyongeza.

Bombay nilifanya kosa la kwanza. Tulipanga twende kwanza kwenye jumba, vitambaa wakati wa kurudi. Lakini siku ya pili mwenye duka mmoja akanishika mkono akaniapia kwamba bei ile ni ya leo tu, kesho mzigo unaondoka. Mimi hapa Dodoma nina "leo mwisho" ya kila siku, nimeining'iniza kibandani miaka. Na bado nikaingia. Nikanunua majora sita, kila jora yadi arobaini, nikahesabu mara mbili, wakanishonea kwenye gunia. Nyumba ya wageni sikuiamini. Chumba cha kuwekea mizigo stesheni sikukiamini pia. Kwa hiyo tukapanda treni ya kwenda Agra: Gadi na shanta lake mgongoni, mimi na robota langu la kitambaa tumelishika kila mtu upande wake, kama watu waliobeba mgonjwa.

Treni ile ilikwenda mchana, usiku, na mchana mwingine. Gadi alikaa dirishani kama alivyotaka, lakini hakuweza. Kila stesheni alishuka. Alisimama jukwaani akitazama nyuma, mpaka aione bendera ya gadi wao, ndipo akapanda. Mimi moyo ulikuwa mkononi.

"Mzee, itakuacha!"

"Haiwezi. Hajapunga."

Kufikia jioni gadi wa Kihindi alikuwa ameshamtambua. Kwenye kituo kimoja tulichokaa sana, akaja mpaka dirishani kwetu, mtu mnene wa masharubu, akaonyesha lile shanta lenye bendera ya nchi ya baridi, akamwuliza Gadi kwa Kiingereza kama anatoka huko. Gadi akasema hapana, Tanzania, reli, miaka thelathini, behewa la mwisho. Yule mtu akamshika mkono kwa mikono miwili. Hawakuwa na maneno mengi zaidi ya hapo. Walisimama wakitazama njia ilikotoka treni, wote wawili, dakika kumi hivi, kama watu wanaotazama ng'ombe wao.

Ndani ya behewa walikuwamo wazungu vijana, kila mmoja na shanta lake, wanakwenda huko huko. Msichana mmoja akamwuliza Gadi ana umri gani, kisha akawaambia wenzake, wakampigia makofi. Gadi akaniuliza, "Wamefurahi nini?" Nikamwambia wamefurahi kwa kuwa hajafa. Akaliandika. Chai iliuzwa kwenye vikombe vya udongo, na watu walipomaliza walivirusha nje ya dirisha vikapasuka kwenye kokoto. Gadi hakukirusha chake. Alisema njia ya reli haitupiwi vitu.

Tulichelewa saa tano. Nilidhani atahuzunika, lakini huo ndio wakati pekee nilipomwona anatabasamu safari nzima. "Kumbe hata wao," alisema.

Saa tano hizo ndizo zilizotumaliza. Badala ya kufika asubuhi tulifika mchana, na treni ya kurudi ilikuwa saa mbili usiku wa siku hiyo hiyo, tikiti zimekatwa, ndege inangoja. Tulipofika langoni ilikuwa saa tisa na robo. Askari akatazama robota langu akatikisa kichwa. Haliingii. Akatuonyesha mahali pa kuwekea mizigo, kibanda chenye mlango wa wavu na kufuli dogo kama la sanduku la shule. Nikamwambia Gadi pale siachi kitu.

"Basi tutapokezana," akasema. "Tangulia. Saa moja, kisha mimi."

"Tangulia wewe, mzee. Ndiyo safari yako."

"Mzigo ni wako, roho yako iko juu. Ukitangulia mimi nimeketi hapa, utatazama kwa utulivu. Nikitangulia mimi, utakuja kunitoa."

Alikuwa ananijua. Aliketi juu ya robota, mgongo kwa ukuta, shanta magotini. Nikaingia.

Nilichokifanya mle ndani sikumwambia mtu kwa miaka mingi, na Gadi ndiye aliyekuja kuambiwa kwanza. Hapa niseme tu kwamba sikuhesabu kitu. Nilipotoka jua lilikuwa limezama, watu wanatolewa, na askari wanavuta lango. Gadi alikuwa pale pale juu ya robota. Saa alikuwa nayo mkononi. Alijua dakika ilipotimia saa moja, alijua ilipotimia ya pili, na hakumtuma mtu kuniita.

"Limefungwa?" nikamwuliza, na naliona limefungwa.

"Limefungwa."

"Mzee, nisamehe."

"Treni saa mbili," akasema, akashika upande wake wa robota.

Tulipokaa kwenye treni na taa zimewaka, akatoa kidaftari na kalamu. "Nipe taarifa."

Nilikuwa nimechoka, kichwa kitupu kama kibanda siku ya mapumziko. Ningeweza kusema ukweli. Lakini yule mtu alikuwa amenikalia mzigo karibu saa tatu, na kumwambia kwamba sikuona kitu cha kumsimulia niliona ni kumwibia mara ya pili.

"Minara?"

"Sita."

"Ngazi?"

"Arobaini."

"Ukuta wa nini?"

"Jiwe jeupe. Lina maua yamechongwa humo humo, mekundu na ya kijani."

"Una hakika ya minara?"

"Nimehesabu mara mbili."

Akaandika. Mimi nikalala. Ilikuwa siku nyingine, njiani, nilipolifungua gunia kukagua mzigo, ndipo nilipoona nilichofanya. Majora sita. Yadi arobaini. Maua mekundu na ya kijani kwenye lile la juu. Nilikuwa nimemsomea mzee wa watu robota langu. Maua kweli yalikuwepo huko, hata mwizi hubahatisha.

Tuliporudi, watu walimjia. Aliyekwenda India kutibiwa alikuwepo, aliyekwenda kununua alikuwepo, lakini aliyepanda treni siku mbili na begi mgongoni kwenda kutazama jumba tu hakuwahi kuwepo. Walimu walimwita shuleni. Wazee walimkalisha. Naye alieleza vizuri, treni yote stesheni kwa stesheni, na alipofika kwenye jumba alianza hivi kila mara: "Kwa taarifa niliyonayo, lina minara sita." Watu walidhani ni lugha yake ya ofisini. Walicheka, walimpenda. Mimi nilikuwa namsikiliza na naona: hakuna siku hata moja aliyosema, "Nimeliona." Sikumsahihisha. Mwanzo nilisema nitamwambia wiki ijayo. Baadaye sita ikazoeleka.

Kisha ikaja televisheni. Mtaa ulikuwa na moja, dukani kwa mwenye duka la kona, na Jumapili mchana watu walijaa. Siku hiyo nilihesabu thelathini na mmoja; nikarudia nikapata thelathini na wawili, kwa kuwa mara ya kwanza nilijisahau. Gadi alikuwa mbele, kwenye kigoda chake. Kipindi kilihusu majengo makubwa ya dunia, na likaja lile jumba, limepigwa picha kutoka juu, pembe zote.

Kijana mmoja karani wa Bunge akasimama akaanza kunyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu, nne. Mzee Gadi, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi naona minne. Miwili imekwenda wapi?"

"Kwa taarifa niliyonayo ni sita."

"Taarifa ya kutoka wapi, mzee?"

Mwingine akadakia nyuma: "Kutoka Zuzu!"

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha mtoto wa mwenye duka. "India yake iliishia Zuzu!" "Alishuka kunywa maji, treni ikamwacha!" Mimi nilikuwa na bakuli la karanga. Niliendelea kumenya. Sikuhisi chochote wakati ule. Nilitazama maganda tu. Gadi hakugeuka kunitafuta. Alikaa mpaka kipindi kikaisha, kwa kuwa hakuna kitu alichowahi kukiacha kabla hakijaisha, akabeba kigoda, akaenda zake.

Mtu anaweza kusema ni utani, utapita. Haukupita. Mwezi ule kulikuwa na posa mbili mtaani, na zote zilikwenda kwa mshenga mwingine. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini. Akanijibu bila ubaya, "Shoga, utamtumaje mtu anayeongeza minara? Si ataongeza na mahari?" Walimu hawakumwita tena. Baada ya mavuno Gadi alifunga nyumba akahamia kwenye shamba lake la uwele na mahindi, na shamba hilo, kwa bahati mbaya yake, lilikuwa Zuzu. "Kaenda India," watu wakasema.

Ndipo nilipokwenda dukani kwa yule yule, Jumapili kama ile, nikasimama mbele ya televisheni mpaka wakapiga kelele.

"Sikilizeni. Ile sita nilisema mimi. Gadi hakuingia ndani. Alikaa nje langoni ananilindia mzigo, nikamchelewesha, lango likafungwa. Aliyosema yote nilimwambia mimi."

Wakatazamana. Mwenye duka akaegemea kaunta. "Mama Rukia. Wewe? Wewe unayehesabu njugu kabla ya kumpa mtoto?"

"Mimi."

"Uliona minne, ukasema sita?"

"Sikuhesabu."

Hapo ndipo walipocheka kuliko siku ya Gadi. "Mama Rukia hakuhesabu!" Yule karani wa Bunge akaniwekea mkono begani. "Mama, kumtetea mzee ni vizuri. Lakini usijitukane." Wakasema nina roho nzuri. Miaka yote ya soko hakuna aliyeniambia hivyo. Nimeambiwa siku niliyokiri kosa.

Nilikaa tena muda mrefu kabla ya kwenda Zuzu. Sababu sina. Nilikwenda asubuhi moja wakati wa mavuno, nikamkuta uani ameketi kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Macho yalikuwa na utando. Nilipokanyaga uani aliinua kichwa.

"Mama Rukia. Umechelewa."

"Shikamoo, mzee. Kwani uliniagiza?"

"Marahaba. Hapana. Umechelewa tu. Baba Rukia hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Nikakaa, nikachukua hindi, tukapukuchua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yaliyotoka yalikuwa matatu.

"Minara ni minne."

"Najua."

"Tangu ile televisheni."

"Tangu siku ile ile. Pale langoni alikuwepo mtu anauza vijumba vya mawe, mfano wa lile lile, ukubwa wa mche wa sabuni. Alinishikisha kimoja akidhani nitanunua. Nilikigeuza pande zote. Minne."

"Na uliandika sita!"

"Ulisema sita. Ulikuwa ndani, mimi nje. Niandike kwamba aliyekaa nje kaona kuliko aliyeingia?"

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema umehesabu mara mbili."

Punje zilianguka kwenye mkeka. Kuku akaja, akamfukuza kwa gunzi bila kutazama.

"Wamekuita mwongo, mzee."

"Wameniita."

"Hawakutumi tena."

"Hilo liliniuma," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa anatajia saa.

"Sasa kwa nini hukuwaambia? Ungesema tu, huyu mwanamke aliniacha nje."

"Ningesema hivyo, wangeniuliza ulikuwa unafanya nini ndani saa zote hizo. Taarifa hiyo sikuwa nayo." Akaweka gunzi chini. "Ulikuwa unafanya nini?"

Nilitazama kama kuna mtu mwingine uani. Hakuna.

"Nilikaa," nikasema. "Kwanza nilizunguka kama watu wote. Kisha nikaingia pale kwenye kaburi, chini ya kuba. Kuna giza kidogo. Mtu akitoa sauti mle, inapanda juu, inazunguka, ndipo inarudi. Watu walikuwa wanaita, wanacheka. Wakatoka, wengine wakawa hawajaingia. Nami nikaita."

"Uliita nini?"

"Jina la mwanangu. Yule mdogo."

Gadi hakusogea.

"Likarudi?"

"Lilirudi."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mzee."

Upepo ulipeperusha makapi ya mahindi mpaka mlangoni.

"Kisha?"

"Kisha nikaita tena."